Pai ya Tofaa ya Mfalme Richard: Kitabu Kitawale au Mkono?

Karibu mwaka 1390 wapishi wakuu wa Mfalme Richard II wa Uingereza walikusanya mapishi yapatayo 200 ya jiko la kasri. Leo mkusanyiko huo unajulikana kama The Forme of Cury, jina alilolipa Samuel Pegge alipouchapisha mwaka 1780. Ndani ya chapa hiyo mna maelezo mafupi ya pai ya tofaa. Chukua matofaa mazuri, viungo vizuri, tini, zabibu na mapeasi. Vikishapondwa barabara, vitie rangi kwa zafarani, viweke ndani ya ganda la unga, kisha uoke vizuri. Basi. Hakuna kipimo cha unga, hakuna muda wa kuoka, hakuna kiwango cha moto, wala hakuna sukari.

Anayetaka kuoka pai hiyo nyumbani leo, awe Leeds, Boston au Mombasa, anakutana na swali kabla hajawasha jiko: afuate kitabu neno kwa neno, au ajaze mapengo kwa mkono wake? Swali hilo linawagawa wapenzi wa mapishi ya kale, na makala haya yanalipeleka barazani. Sauti ni tatu. Ya kwanza ni ya mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa maandishi. Ya pili ni ya mama anayeoka keki za oda za harusi na mikate ya maulidi. Ya tatu ni ya binti wa Pemba, mwanafunzi wa chuo ambaye baba yake ana mikarafuu. Yeye ataingia mazungumzo yakishapamba moto. Majina yao tuyaache. Hoja zao ndizo zinazotakiwa hapa.

“Mama, ukibadilisha kitu kimoja umeshaoka pai nyingine,” anaanza Mwalimu. “Ukitia sukari kwa sababu umeizoea, ulimi wako unaonja mambo ya leo. Watu wa kale hawana njia ya kutuambia vyakula vyao vilikuwaje ila kwa maandishi haya machache. Tukiyachezea, tumewanyamazisha.”

Mwokaji hakubali hata kidogo. “Mwalimu wangu, hicho kitabu chako chenyewe kimenyamaza! Viungo vizuri ni vipi? Mdalasini? Tangawizi? Pilipili manga? Na kiasi gani? Ukipika jioni ya leo utakisia, na ukishakisia umeshakiacha kitabu. Mimi ninachofanya ni kile kile, ila nakisema wazi.”

Hapa mama ana haki, na historia iko upande wake. Mapishi ya karne ya 14 yaliandikwa kuwakumbusha wapishi ambao tayari walikuwa mafundi. Mtu aliyekulia jikoni tangu utotoni hakuhitaji kuambiwa unga uwe laini kiasi gani. Hata mwaka 1747 Hannah Glasse, katika kitabu chake The Art of Cookery Made Plain and Easy kilichokusudiwa watumishi wa kawaida wa nyumbani, bado aliacha utamu wa pai uamuliwe na ulimi wa mpishi. Vijiko na vikombe vilivyosawazishwa kwa kisu vilipata nguvu mwishoni mwa karne ya 19, hasa baada ya Fannie Farmer wa Boston kutoa kitabu chake mwaka 1896. Kwa hiyo mapengo yale ni nafasi iliyoachwa makusudi kwa mkono wa fundi.

Lakini Mwalimu ana jibu, na ni jibu zuri kuliko alivyoanza. “Sawa, mama, penye kimya jaza. Ila penye neno, litii. Umeona kitabu kinasema matofaa yapondwe? Kila ninayemwona akioka pai ya 1390 anakata vipande vyembamba, kwa sababu pai anayoijua ina vipande vyembamba. Hakuna aliyemwambia akate. Mazoea ndiyo yamemkatia.”

Neno hilo lilimfanya mwokaji atoe kinu. Tofaa bichi, tini kavu zilizolowekwa kidogo, zabibu na peasi lililoiva, vyote vikitwangwa pamoja, havitoi kitu kinachofanana na kijazo cha pai ya kisasa. Kwanza tofaa linatoa maji na kurukaruka chini ya mchi. Kisha tini zinayanywa yale maji, na polepole mchanganyiko unashikana kuwa rojo zito lenye mbegu ndogo za tini zinazokwaruza meno. Rangi inakuwa ya kahawia, na zafarani haionekani kama mtu anavyotarajia. Inasikika zaidi puani. Ukiionja mbichi, utamu uko tele. Ikitoka motoni, unakolea zaidi, nayo inakatika kwa kisu bila kumwagika. Hapo ndipo mwokaji alipokiri jambo ambalo kisu kisingemwonyesha: pai hii haidai sukari, maana tini, zabibu na peasi vimeshafanya kazi hiyo, mradi vimepondwa hadi kila tonge lina kidogo cha kila kitu. Ukikata vipande, kipande cha tofaa kinabaki kikali peke yake na mkono unaukimbilia mkebe wa sukari.

Neno moja la kitabu, likitiiwa, lilifafanua jingine lililokosekana.

Wengi husema kuwa sukari haimo katika pai ile kwa sababu ilikuwa ghali mno. Kwamba ilikuwa ghali ni kweli. Lakini jiko lile lilikuwa la mfalme, na mkusanyiko ule ule unataja sukari katika vyakula vingine. Mpishi wa Richard angeweza kuitia. Yamkini hakuitia kwa kuwa matunda makavu yalitosha, na ladha aliyoilenga ilikuwa ya viungo na zafarani. Mwalimu anaipenda hoja hii kwa moyo wote, na anastahili kuipenda, kwa sababu inawarudishia watu wa kale uamuzi wao. Tumezoea kuwaeleza kwa upungufu, kana kwamba kila walichoacha walikikosa.

Mabishano ya ganda yalikuwa makali zaidi. Mwokaji alikuwa amesikia, kama wengi walivyosikia, kwamba ganda la pai za kale lilikuwa chombo tu: unga mgumu uliosimamishwa kama kuta, wa kushikilia chakula motoni na kutupwa baadaye. “Basi kwa nini nijisumbue nao?” aliuliza. “Nitafanya ganda langu la siagi baridi, nifikiche kwenye unga, nisukume, liwe la kumumunyuka. Watu wale wafurahi.”

Mwalimu alimfungulia kitabu kidogo cha Kiingereza cha takriban mwaka 1545, A Proper Newe Booke of Cokerye. Humo mna pai ya matofaa mabichi ya kijani, na ganda lake linaelezwa waziwazi. Maji kidogo, siagi na zafarani hupashwa moto pamoja. Unga hukandwa kwa maji hayo ya moto na ute wa mayai mawili. Matofaa humenywa, hutolewa kokwa, kisha hukolezwa kwa mdalasini, tangawizi na sukari. “Sasa niambie, mama,” akasema, “nani anatia zafarani na siagi kwenye kitu cha kutupwa?”

Swali hilo lina uzito. Zafarani ni nyuzi tatu tatu zinazochumwa kwa mkono kutoka kila ua, na kilo moja huhitaji maua kama 150,000. Yamkini yalikuwapo maganda mazito ya kubebea nyama safarini ambayo hayakuliwa na mabwana. Lakini ganda hili la 1545 lilikandwa ili lipendeze macho na lilike. Ni kosa kulichukulia kila ganda la zamani kuwa sufuria ya unga.

Mwokaji alipolijaribu alikuta tabia zake ni za unga mwingine kabisa. Siagi baridi huacha tabaka ndogo za mafuta katikati ya unga, na hizo ndizo hufanya ganda lipasuke kwa majani-majani. Maji ya moto huyeyusha siagi, ikaenea kote, na wanga huanza kuvimba papo hapo. Donge linakuwa laini kama udongo wa mfinyanzi, unaliinua kwa vidole kuwa kuta za pai bila kibao wala mti wa kusukumia. Kazi ifanyike lingali na joto, maana likipoa linakakamaa. Ute wa mayai unalipa nguvu ya kusimama. Likiokwa linakuwa gumu kiasi nje, lakini upande wa ndani uliokunywa maji ya matunda unalainika na kuwa sehemu tamu kuliko zote. “Hili silitupi,” alisema mwokaji, na Mwalimu kwa hekima hakuongeza neno.

Katika suala la matofaa yenyewe, kitabu kinashindwa, na kushindwa kwake hakuna dawa. Mbegu ya tofaa haizai tunda la mama yake. Kila mbegu ni mti mpya wenye tabia zake, na aina moja huendelezwa kwa kupandikiza vikonyo tu. Uingereza ya zama za kati ilijua matofaa kama Costard na Pearmain. Tofaa ambalo Waingereza wa leo huliona ndilo la pai, yaani Bramley, lilianzia kwenye mbegu aliyoipanda msichana Mary Ann Brailsford mjini Southwell mwaka 1809. Baadaye nyumba ilinunuliwa na muuza nyama Matthew Bramley, na Henry Merryweather alipoomba vikonyo mwaka 1856 aliruhusiwa kwa sharti kwamba tunda liitwe kwa jina la mwenye nyumba. Yule aliyepanda mbegu hakupata hata herufi moja. Granny Smith, tofaa la kijani linalojulikana kote, liliibuka Australia kwa Maria Ann Smith karibu mwaka 1868. Kwa maana hiyo, pai yoyote ya Bramley au Granny Smith inayodai kuwa ya karne ya 14 imeshachelewa kwa zaidi ya miaka 400.

“Kwa hiyo tuache?” aliuliza Mwalimu, safari hii kwa unyonge.

“Tusiache. Tutafute tabia ya tunda, tuachane na jina,” alijibu mwokaji. Na hapa utaalamu wake ulikuwa darasa. Pai inataka tofaa lenye ukali. Bramley lina asidi nyingi na likipikwa linavurugika kuwa povu laini. Granny Smith nalo ni kali lakini vipande vyake husimama. Matofaa mekundu matamu yanayojaa sokoni kwetu, ambayo wengi huyaita epo na mengi huletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, yamezalishwa kwa ajili ya kutafunwa mabichi. Yakiokwa yanalegea na ladha inapotea. Anayeoka Dar es Salaam au Nairobi achague ya kijani, au achanganye mawili ya kijani na moja jekundu na kukamulia limau. Matofaa ya nyanda za juu, kama Lushoto na Njombe, yakichumwa kabla hayajaiva sana yana ukali unaofaa. Kwa pai ya 1390 ya kupondwa, hata tofaa linalovurugika halina neno.

Mwokaji alipomwona Mwalimu akiyumba aliongeza mfano wake wa nguvu: sharubati ya maganda ya Hannah Glasse. Katika pai ya 1747, Glasse anapanga robo za matofaa ndani ya ganda, sukari, limau, maganda ya limau yaliyokatwa vidogo na karafuu chache huku na huko. Kisha anafanya jambo ambalo mapishi mengi ya leo yamelisahau. Maganda na kokwa za matofaa hayatupwi. Yanachemshwa katika maji pamoja na kipande cha basibasi hadi maji yanapata nguvu, yanachujwa, yanachemshwa tena na sukari kidogo hadi yabaki machache mazito, na hayo ndiyo yanamwagwa ndani ya pai kabla ya kufunikwa.

“Alijuaje?” aliuliza mwokaji. “Maganda na kokwa ndipo palipojaa pektini, kile kinachogandisha jemu. Ukimwagia sharubati ile, pai ikipoa inashikana yenyewe, huhitaji unga wa mahindi wala nini. Na harufu yote ya tofaa iko kwenye ganda. Hakuwa na neno pektini, lakini mkono wake ulishalijua. Sasa huo ni ushindi wa kitabu au wa mkono, mwalimu?”

Mwalimu alisema ni wa kitabu, kwa kuwa bila kitabu mkono ule ungekufa na mwenyewe. Mwokaji alisema ni wa mkono, kwa kuwa kitabu kiliuandika tu. Wote wawili walikuwa wanasifu jambo moja, na kwa kweli ndilo jambo la kushikwa katika mapishi ya kale: mpangilio wa kazi, kipi kinatangulia na kwa nini. Vipimo hubadilika na unga, tunda na moto. Hatua ya kuchemsha maganda haibadiliki. Anayeiruka kwa haraka amepoteza sababu nzima ya kumfungua Glasse. Anayepunguza sukari yake hajapoteza chochote, maana Glasse mwenyewe alimwachia.

Moto uliwaweka mahali pasipotarajiwa. Mwalimu alidhani oveni ya umeme ndiyo itakayowapa usawa, nyuzi 180 kwa dakika 50. Lakini oveni yenye kirekebisha joto ni kitu cha juzi. Nchini Uingereza jiko la gesi lenye kidhibiti cha Regulo lilitoka mwaka 1923. Kabla ya hapo tanuri la matofali lilijazwa kuni, moto ukawaka ndani yake, majivu yakakokotwa nje, na vyakula vikaingia kwa zamu kadiri joto lilivyokuwa likishuka. Mwokaji wa wakati ule alipima joto kwa kutia mkono au kurusha unga kidogo na kuangalia unavyobadilika rangi. Kwenye nyumba za Marekani zisizokuwa na tanuri, pai iliwekwa katika chungu cha chuma chenye kifuniko, makaa ya moto chini na makaa juu ya kifuniko.

Aliyesikia hilo akatabasamu ni mwokaji. Pwani yote, mkate wa kumimina na keki za nyumbani zimeokwa hivyo hivyo kwa vizazi: sufuria juu ya jiko la mkaa, mara nyingine ikiwekwa mchanga chini, bati au sinia juu, na makaa yakapaliwa juu yake. Anayejua kupalia anajua makaa ya juu yazidi ya chini ili chini pasiungue kabla uso haujapata rangi. Anajua kuzungusha sufuria. Anajua harufu ya unga ulioiva. Mama huyo na jiko lake la mkaa yuko karibu zaidi na jiko la Marekani la mwaka 1796 kuliko mtaalamu wa London mwenye oveni ya vioo. Mwalimu alikubali bila masharti. Katika suala la moto, alisema, maandishi hayana cha kufundisha mbele ya mtu aliyepalia tangu ana miaka kumi.

Ndipo binti wa Pemba akaomba nafasi.

“Mwalimu, mama, samahanini. Mmezungumza tangu asubuhi juu ya ladha. Hamjauliza nani alivuna karafuu za Bibi Glasse.”

Swali lilibadili mazungumzo. Mwaka 1747 karafuu haikuwa na shina hata moja Zanzibar. Ilitoka visiwa vya Maluku, ambako kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki iliibana miti hadi ikabaki hasa Ambon, na kung’oa iliyoota kwingine, ili bei isishuke. Basibasi na kungumanga zilitoka visiwa vya Banda, ambavyo Jan Pieterszoon Coen alivivamia mwaka 1621. Wenyeji wengi waliuawa, wengine wakafanywa watumwa au wakakimbia. Karafuu ilitoroshwa na Wafaransa hadi Mauritius mwaka 1770 kwa juhudi za Pierre Poivre, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Zanzibar. Sayyid Said bin Sultan aliisukuma kwa nguvu, na katikati ya karne hiyo Unguja na Pemba vilikuwa vikiongoza duniani. “Kwa hiyo karafuu ya pai ya zama za Victoria,” alisema binti, “inaelekea ilitoka kwetu. Na ilipandwa na kuchumwa na nani? Na watumwa waliotolewa bara. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ikaondolewa 1897 tu. Hizo karafuu mnazozihesabu tano, sita, kwenye pai, bibi yangu mkubwa angeweza kuwa amezichuma.”

Mwokaji alinyamaza kidogo. “Mwanangu, unataka tusizitie?”

“Hapana, mama. Zitieni. Baba yangu anaishi kwazo. Nataka anayesema anaoka pai ya kihistoria asiishie kwenye zafarani na ganda. Historia ya pai ni hiyo pia.”

Akaendelea na sukari, na hapo takwimu zinazungumza wazi. Sidney Mintz, katika kitabu chake cha 1985 juu ya sukari, anaonyesha kuwa Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 18 alikula wastani wa pauni 4 za sukari kwa mwaka, kama kilo 2. Mwanzoni mwa karne ya 19 alikula pauni 18, zaidi ya kilo 8. Ongezeko hilo lilitoka mashamba ya watumwa ya Barbados, Jamaica na visiwa jirani. Tofauti kati ya pai ya 1390 isiyo na sukari na pai ya Glasse yenye sukari tabaka kwa tabaka ina meli za watumwa katikati yake. Walikuwapo walioliona hilo wakati ule ule: mwaka 1791 William Fox alitoa kijitabu cha kuwaomba Waingereza waache sukari ya visiwa hivyo, na familia nyingi ziliitika. Kuoka pai bila sukari kuliwahi kuwa tendo la kupinga utumwa, na binti anaona hilo ni jambo la kupikwa na kuelezwa pia.

Mwalimu alijaribu kulitenga suala hilo kuwa la darasani. Makala haya hayakubaliani naye. Kama anadai maandishi yafuatwe ili watu wa kale wasinyamazishwe, hawezi kuchagua kuwasikiliza wapishi wa mfalme na kuwaacha waliokata miwa. Binti alimwambia hivyo kwa adabu zake zote, na mzee wa watu akaikubali hoja kwa kutikisa kichwa.

Marekani ilipata nafasi yake mwishoni, maana pai ya tofaa imepewa uraia huko. Kabla ya wakoloni, Amerika Kaskazini ilikuwa na matofaa mwitu madogo na makali tu. Tofaa la kuliwa, ambalo asili yake ni milima ya Tian Shan upande wa Kazakhstan, lilifika kwa meli katika karne ya 17. Mchungaji wa Kiswidi Israel Acrelius, aliyeishi upande wa Delaware, aliandika mwaka 1759 kuhusu pai ya mashambani ambayo matofaa yake hayakumenywa wala kutolewa kokwa, na ganda lake lilikuwa gumu kiasi kwamba gurudumu la mkokoteni lisingelivunja. Wengine wanaisimulia kama dhihaka. Mwokaji aliisikia kama taarifa: huyo ni mkulima mwenye shughuli nyingi na watoto wengi, asiyekuwa na saa ya kumenya.

Mwaka 1796, mjini Hartford, Amelia Simmons alitoa American Cookery, kitabu cha kwanza cha mapishi kilichoandikwa na Mmarekani na kuchapishwa huko. Pai yake ya tofaa inataka matofaa yaliyochemshwa na kuchujwa, maganda ya limau yaliyokwaruzwa, mdalasini, basibasi, sukari na maji ya waridi. Watu wa Boston ya leo wakiionja husema ina harufu ya sabuni. Mwokaji alipoisoma aliona kitu cha nyumbani: maji ya waridi yanatiwa kwenye vitamu vya Unguja, Lamu na Muscat hadi leo, na waridi za Jebel Akhdar nchini Oman bado zinapikwa kuwa marashi kila msimu. Vanila ndiyo iliyoyasukuma kando katika majiko ya Magharibi, na vanila ilienea baada ya Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, kugundua mwaka 1841 namna ya kuchavusha ua lake kwa mkono. Binti hakuhitaji kuongeza maelezo.

Juu ya pai ya Simmons, kitabu na mkono havikugombana. Mwalimu alitaka maji ya waridi kwa sababu yameandikwa. Mwokaji aliyataka kwa sababu anajua kiasi chake, kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya matofaa, zaidi ya hapo pai inageuka uvumba.

Wakakubaliana kazi iende hivi. Mtu akikutana na pishi la kale, mara ya kwanza alipike kama lilivyo, hata pale linapomshangaza, hata tofaa likitakiwa kupondwa. Asiongeze sukari kabla ya kuonja kisichokuwa na sukari. Baada ya hapo mkono uwe huru, naye aseme wazi alichobadilisha. Mwokaji alitaka kujua sukari iwe kiasi gani kwa wale watakaoidai, na Mwalimu akamtajia Isabella Beeton wa 1861: wakia 2 kwa kila pauni ya matofaa yasiyomenywa, yaani karibu gramu 125 kwa kilo. Mwokaji aliona hiyo ni nyingi kwa epo za sokoni, akaishusha hadi 80.

Walipoachana walikuwa bado hawajapatana juu ya jambo moja. Binti anataka kila pai itakayouzwa kwa jina la mapishi ya kale iambatane na karatasi ndogo inayotaja karafuu na sukari zilitoka wapi na kwa kazi ya nani. Mwokaji anahofia wateja wa harusi hawatanunua. Mwalimu amejitolea kuiandika, mistari sita isizidi, na mwokaji amesema ataisoma kwanza kabla ya kukubali.